Nani Kamharibu Adui? Mjadala wa Makambako Kuhusu Terminator

Hoja iliyo mezani: watengenezaji wa sinema za Terminator wamemharibu adui wao kwa mikono yao wenyewe.

Watazamaji wa sinema wa kwetu huwagawa waigizaji mafungu mawili tu: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Hiyo ni sheria anayoijua kila mtoto aliyewahi kukalia benchi la kibanda umiza, kile kibanda cha video. Sasa kama steringi hafi, utamu wote wa picha umo mikononi mwa adui. Yeye ndiye anayeamua kama utakaa ukingoni mwa benchi au utaegemea ukuta na kusinzia. Ndiyo maana malalamiko ya mashabiki wa Terminator, sinema sita kutoka 1984 hadi 2019, hayahusu steringi. Yanahusu adui: alianza akiwa wa kutisha, akaishia kuwa wa kuvumiliwa.

Makambako ni mahali pazuri pa kubishania jambo hili. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana hapo na ile inayokwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Mji wa wasafiri wanaosubiri ni mji wa vibanda vya video. Nimewaweka mezani wasemaji wanne, nami nimewaita kwa kazi zao badala ya majina: mzee aliyekuwa na kibanda karibu na stesheni kuanzia miaka ya tisini, mwalimu wa fasihi kutoka Njombe, binti anayewawekea watu muvi kwenye flashi huko huko Njombe mjini, na utingo wa lori la mbao ambaye lori lake linasubiri tairi.

MZEE WA KIBANDA: Mleta hoja ni mimi, basi nianze. Nilikuwa na deki moja, televisheni ya inchi ishirini na moja na jenereta iliyopiga kelele kuzidi bunduki za kwenye picha. Waliokuwa wakisubiri treni ya usiku waliingia na mizigo yao. Ukiweka picha ya mapenzi, nusu wanalala. Ukiweka Terminator ya kwanza, hata mwenye haja anaibana.

Mtazameni yule adui. Anatua Los Angeles uchi, hana kitu, na hataki kitu ila roho ya mtu mmoja, Sarah Connor. Sura yake haijui. Anafungua kitabu cha namba za simu, anakuta kina Sarah Connor watatu, anaanza kuwaua kwa mpangilio wa orodha. Hawachukii. Hana cha kuwaambia.

Halafu kuna pale anapoumia jicho. Anakwenda kwenye kioo, anachukua kisu kidogo cha daktari, analichokoa jicho lake mwenyewe na kulidondosha kwenye sinki lenye maji. Ndani ya tundu inawaka taa nyekundu. Anafuta damu, anavaa miwani ya jua, anaweka nywele sawa, anatoka. Uso haukukunjamana hata kidogo. Kibandani kwangu wanaume wenye ndevu walikuwa wakitazama sakafu.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: alichokichukua hakikurudi. Mama yake Sarah amekufa. Rafiki aliyepanga naye nyumba amekufa. Reese, yule askari aliyetoka wakati ujao kuja kumlinda, naye amekufa. Adui ameshindwa, lakini ameacha pengo.

UTINGO: Sasa mzee, si tunasema steringi hafi?

MZEE WA KIBANDA: Steringi ni Sarah, kijana wangu. Wengi walilipa kiingilio kwa ajili ya Anold Schwarzenegger, maana walishamwona kwenye Commando ya 1985, wakakuta ndiye adui. Wakahamia kwa Reese, naye akafa. Picha inakwisha ndipo wanang'amua kwamba steringi alikuwa yule dada mhudumu wa mgahawa. Picha ilikuwa imewazunguka wote.

MWALIMU: Nusu ya hoja naiunga mkono, mzee, nusu naikataa. Adui bora wa Terminator si huyo wa 1984. Ni wa 1991, yule T-1000.

Mwongozaji James Cameron alipoanza kumuwaza adui wake hakumuwaza mtu wa misuli. Alimuwaza mtu wa kawaida, anayepotea katikati ya watu sokoni, na aliyemfikiria ni mwigizaji Lance Henriksen. Schwarzenegger aliletwa kuzungumza habari za nafasi ya Reese, wakaishia kumpa nafasi ya adui, na wazo la kwanza likawekwa kando. Sinema ya pili ndiyo iliyolirudisha. Robert Patrick, mwigizaji wa T-1000, ni mwembamba, ana sauti ya upole, amevaa sare ya polisi. Alijizoeza kukimbia kasi huku amefunga mdomo, anavuta pumzi kwa pua tu, na kufyatua risasi bila kupepesa macho. Watu husifu kompyuta, lakini picha za kompyuta kwenye sinema ile yenye zaidi ya saa mbili ni kama dakika tano hivi. Zilizobaki nyingi ni mwili wa mtu na nidhamu yake.

Pale anapofika kwa walezi wa John, mtoto wa Sarah, anabisha hodi na kuomba kwa heshima aonyeshwe picha ya kijana. Wanampa. Sisi wa Njombe hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa mkoani kwetu, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na kwa majuma kadhaa wazazi waliwasindikiza watoto hadi mlango wa darasa. Silinganishi msiba na sinema, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba siku zile hakuna aliyeogopa jitu lenye pembe. Watu walimuogopa mtu yeyote aliyesimama kwa upole na kumuuliza mtoto anakokwenda.

MZEE WA KIBANDA: T-1000 nakupa, mwalimu. Lakini ni picha hiyo hiyo iliyogeuza Anold kuwa mlinzi wa mtoto. Hapo ndipo kidonda kilipoanzia.

UTINGO: Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

MZEE WA KIBANDA: Umenena. Na zimwi likishakujua, mtoto haogopi tena.

MWALIMU: Mara moja si dhambi. Alibadilishwa ndani ya hadithi, kwa kazi na kwa gharama, na mwisho akashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka kwa matakwa yake mwenyewe. T-1000 naye alikufia mle mle. Cameron alifunga mlango na ufunguo akautupa. Mashtaka yaende kwa waliovunja kitasa.

MZEE WA KIBANDA: Basi niwataje mmoja mmoja. Mwaka 2003 wakaleta T-X, mwanamke. Mwanamke adui ni jambo jema, sina ubishi. Ana silaha ndani ya mkono, anaamrisha magari yajiendeshe. Lakini mara ya kwanza kusimamishwa na trafiki anavimbisha kifua kwa kuiga bango la matangazo ya nguo za ndani. Kibanda kizima kikacheka. Adui ukishamcheka dakika ya kumi, dakika ya themanini atakutisha na nini?

Mwaka 2009 Skynet yenyewe, ile akili iliyoangamiza dunia, inajitokeza kwenye skrini kwa sura ya mama mmoja daktari, inamweleza mmoja wa wahusika mpango wake wote tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2015 wakamgeuza John Connor kuwa adui, yule yule tuliyemlilia tangu hajazaliwa, na siri yenyewe wakaimwaga kwenye trela kabla picha haijatoka. Mwaka 2019 wakaleta Rev-9, anayejigawa wawili, mifupa upande huu na nyama ya majimaji upande ule.

UTINGO: Kama simu mpya. Kila toleo kamera inaongezeka, ila unampigia mtu yule yule.

BINTI WA FLASHI: Shikamoo mzee, samahani nikukate kauli. Hiyo ya 2003 inaishia na mabomu ya nyuklia yanaanguka kweli. Hawakuzuia kitu. Kwa kipimo chako cha pengo, ilitakiwa uipe alama.

MZEE WA KIBANDA: Marahaba, mwanangu. Mwisho wake naupa alama, tena nzuri. Adui wake simpi.

MWALIMU: Hili la nguvu kuongezeka lina mfano wake katika hadithi zetu. Edward Steere alipochapisha hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870, aliweka humo ile ya Sultani Majnuni. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanamlalamikia, naye anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula ndama, jibu ni lile lile. Anapanda kutoka mifugo hadi watu, mpaka anapokula watoto wa sultani mwenyewe, ndipo mfalme anakiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda mla watu.

Mtoto wa mwisho anatoka kwenda kumuua. Anaua mnyama, anamburura hadi kwa mama yake, anauliza: ndiye? Mama anasema siye. Anarudi porini, anaua mkubwa kuliko yule. Siye. Anafika kwa twiga, kwa kifaru, kwa tembo, na mama anasema siye. Nunda hakuwa mnyama mkubwa kupita wote. Alikuwa paka wa nyumbani aliyelelewa na mwenye nyumba. Sasa hawa watunzi tangu 2003 wanatuletea kifaru, halafu tembo, wakituuliza: ndiye? Na sisi tunajibu alivyojibu yule mama.

BINTI WA FLASHI: Sasa mniruhusu mimi ninayepinga hoja. Mwalimu, umenisaidia kuliko unavyodhani, nitakurudia. Naanza na mzee.

Umesema adui wako wa 1984 hakusema kitu. Kweli, kwenye picha ya asili Anold ana sentensi chache mno. Lakini mzee wangu, kibandani kwako nani alikuwa anasikiliza picha ya asili? Kulikuwa na mtafsiri. Nimekulia kwenye muvi za kutafsiriwa. Derek Mukandala, yule Lufufu wa Dar es Salaam, kanda zake zilizunguka nchi nzima; Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Mtafsiri hanyamazi. Adui akikaa kimya, yeye anamsemea. Akitembea, yeye anasimulia anakokwenda na atakachomfanya mtu akifika. Kwa hiyo huyo adui bubu unayemlilia hukuwahi kumwona Makambako. Ulichokiogopa ni sauti ya mtu wa Dar es Salaam, na ulikuwa kijana, na nje kuna giza na baridi ya Juni. Ukimkosa leo usiilaumu sinema. Laumu umri.

UTINGO: Hapo mzee kapatikana.

MZEE WA KIBANDA: Sijapatikana. Kabla ya kanda zilizotafsiriwa nilikuwa nasimama mwenyewe kando ya televisheni nikiwaeleza watu, kwa hiyo kazi hiyo naijua kwa ndani. Ni kweli, nilimsemea. Nilisema: sasa anamtafuta. Nilisema: mlango huo hautamzuia. Nilisema: huyu dada akitoka hapo amekwisha. Lakini sikuwahi kusema anamtafuta kwa sababu utotoni alionewa. Sikusema moyoni anaumia. Wala Lufufu hakusema. Mtafsiri alimpa adui sauti, hakumpa udhuru. Kazi yake ilikuwa kusogeza hatari karibu na benchi. Hawa wa 2009 walipomfungua adui mdomo, walimtumia kusogeza hatari mbali: akae aeleze, sisi tupumzike.

Ya umri nakubali kiasi. Lakini wajukuu zangu wamezaliwa juzi. Niliwawekea ya kwanza na ya 2015 siku moja. Ya kwanza walijifunika kitenge cha bibi yao. Ya 2015 walitoka kwenda kucheza.

BINTI WA FLASHI: Haya, wajukuu nakuachia. Twende kwenye pengo. Umesema adui anakuwa adui kwa kuchukua kitu kisichorudi. Ile ya 2019, Dark Fate, inaanza na T-800, mashine yenye sura ya Anold, anamuua John Connor mbele ya mama yake, ufukweni Guatemala. Mtoto yule yule wa 1991, na harudi hadi mwisho wa picha. Pengo gani kubwa kuliko hilo? Na bado ninyi mashabiki wa zamani ndio mliotoka mkitukana. Sasa kipimo chako kipo, au mnataka tu picha za ujana wenu?

MZEE WA KIBANDA: Swali zuri, nalo limenikosesha usingizi. Tazama kilichofuata. Yule aliyemuua mtoto, kazi imekwisha, hana amri nyingine. Anakwenda Texas, anaitwa Carl, ana mke, ana mtoto wa kulea, anauza mapazia. Tunaambiwa amepata kitu kama dhamiri. Halafu wanamtumia kutuchekesha, anatoa ushauri wa rangi ya pazia inayofaa chumba cha mtoto wa kike. Nipime vipi pengo la John wakati aliyelifanya amekuwa mzee wa kuchekesha wa hadithi ile ile, na mwisho anakufa kishujaa tumlilie? Walichukua kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto wakatuomba tumsamehe kabla hatujamaliza kuchukia.

MWALIMU: Lakini mzee, muuaji anayejutia si adui dhaifu. Ni swali zito kuliko yote. Sarah anamwambia uso kwa uso kwamba vita ikiisha atamuua. Hapo palikuwa na sinema nzima.

MZEE WA KIBANDA: Palikuwa nayo. Wangeitengeneza hiyo. Walimpa Sarah dakika chache, muda uliobaki wakampa Rev-9 arukeruke kwenye ndege.

BINTI WA FLASHI: Sasa mmefika ninapotaka. Mnamhukumu adui kana kwamba kuna mtunzi mmoja aliyekaa akamharibu. Mimi nauza muvi, najua bidhaa inavyokwenda. Ya kwanza ilitengenezwa kwa dola milioni 6.4, ikaingiza zaidi ya milioni 70. Ya pili iligharimu kama milioni 100, ikaingiza zaidi ya milioni 500. Tangu hapo mali hiyo imekuwa ikihama mikono. Carolco waliotengeneza ya pili wakafilisika miaka minne baadaye. Mario Kassar na Andrew Vajna wakainunua tena, wakatoa ya 2003. Kampuni ya Halcyon ikainunua 2007, ikatoa ya 2009, na mwaka huo huo ikaomba kinga ya kufilisika. Ikaja ya 2015 chini ya Skydance, kisha ya 2019 chini ya hao hao.

Kila mwenye mali mpya alitaka kuanzisha sinema tatu zake. Ya 2009 ilikusudiwa iwe ya kwanza kati ya tatu. Ya 2015 vile vile. Ya 2019 vile vile. Zote zikaishia moja moja. Sasa ukiwa umenunua adui kwa mamilioni, unaweza kumuua mwisho wa picha? Huwezi. Utamjeruhi, utamficha, utaacha taa nyekundu inapepesa. Mwalimu, huyu ndiye sultani wako. Adui ni wangu, na watazamaji ni wangu.

MWALIMU: Ndiyo maana ulisema utanirudia. Nimekubali.

BINTI WA FLASHI: Lakini hapo sijaacha kupinga. Mzee anasema wamemharibu adui. Mimi nasema ile ya 2015, ambayo mnaicheka kuliko zote, ndiyo pekee iliyomwona adui wa leo. Mwaka 1984 Skynet ilikuwa kompyuta ya jeshi. Kwenye hiyo ya 2015, Genisys, ni programu. Watu wanaingoja, wanaihesabia saa, wanafurahi kwamba itaunganisha simu zao, magari yao, kazi zao. Hakuna anayelazimishwa. Hilo wazo ni la kutisha kuliko mifupa ya chuma. Kosa lao walilitupa wakaenda kupigana ngumi.

Mimi nalijua kwa sababu wateja wangu wananikabidhi simu niwawekee muvi, naona yaliyomo. Mtu anapakua programu ya mkopo usiku, mtoto anaumwa. Programu inamuuliza: uniruhusu nione majina yako yote? Anabonyeza nakubali, hasomi. Akichelewa kulipa, ile programu haimgombezi. Inafungua orodha yake ya majina, inaanza kutuma ujumbe kwa mmoja baada ya mwingine: mama mkwe, mchungaji, bosi, jirani. Kwa mpangilio. Wale wadai mtaani tunawaita kausha damu, lakini mdai mwenye miguu unaweza kumpigia magoti. Hii haina masikio. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Sitini na tisa, mzee! Na wewe bado unamtafuta adui kwenye kanda.

UTINGO: Mimi walimtumia mama yangu. Hata kusoma hajui, akampelekea mwenyekiti wa kitongoji amsomee.

MZEE WA KIBANDA: Pole, kijana.

(Kimya kidogo. Mwalimu anaagiza chai nyingine.)

MZEE WA KIBANDA: Binti yangu, nimekusikia. Lakini sikiliza ulichokieleza. Hana hasira. Hajielezi. Anafuata orodha. Aibu anayoipata mtu kwa mama mkwe haifutiki hata akilipa. Huyo uliyemchora siye wa 2015. Ni wa 1984, amebadilisha nguo tu. Hukupinga hoja yangu, umeithibitisha.

BINTI WA FLASHI: Nimeithibitisha nusu. Wewe unataka wamrudishe yule wa zamani. Mimi nataka waende kwa huyu mpya, na Anold hayumo.

UTINGO: Hapo naungana na dada. Anold alizaliwa 1947. Hata dereva wangu anaruhusiwa kustaafu.

Wasemaji hawakupatana, na mimi siwapatanishi kwa nguvu. Lakini mwenye kalamu ana kura yake, nami naipiga kwa hoja, baada ya kuifanyia marekebisho.

Adui wa Terminator hakuharibiwa kwa kuzungumza. Mtafsiri wa kibanda alimsemea miaka yote na hofu haikupungua. Hakuharibiwa kwa kuwa mwanamke, wala kwa kujigawa wawili, wala hata kwa kutubu. Kila moja ya hizo ingeweza kuzaa sinema nzuri, na Mwalimu alionyesha hivyo kwa kutaja tu dakika moja ya Sarah na Carl. Aliharibiwa na hesabu ambayo Binti ameiweka mezani. Mwenye kummiliki hakuthubutu kumpoteza, na asiyethubutu kumpoteza adui hathubutu kumwachia achukue kitu kwa moyo wote. Ndipo zikaja dawa za kuficha woga huo: nguvu mpya, maelezo marefu, utani wa mapazia. Mzee aliziona dawa akadhani ndizo ugonjwa.

Kwa vijana wetu wanaoandika sinema, na wapo, hasa sasa ambapo akili mnemba imekuwa habari ya kila siku, faida ya ubishi huu ni kubwa kuliko Hollywood. Sinema ya adui asiye na uso haihitaji dola milioni 100. Inahitaji simu moja, familia moja na orodha ya majina. Inahitaji pia mtunzi asiyeona haya kumwacha steringi akiwa hai huku ameshapoteza kitu ambacho hakuna sehemu ya pili itakayokirudisha. Sheria ya kibanda inasema steringi hafi. Haikusema kwamba atatoka mzima.

Na kwa wenye hakimiliki ya Terminator, wakitaka kuturudisha kwenye benchi, wafanye jambo moja ambalo halijafanyika tangu 1991: wamuue adui wao, kisha wamwache amekufa.